Nyunzu: Kabla ya kuleta tableti, tuulize kwanza mtoto anajifunza namna gani

Somo langu la kwanza la kompyuta nililisoma kwa chaki. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, idara ya uandishi wa habari. Mwalimu alichora kibodi nzima ubaoni, herufi kwa herufi, nasi tukaichora katika daftari zetu. Siku ya mtihani tuliulizwa herufi fulani iko mstari gani. Nilipata alama nzuri. Mwaka mmoja baadaye, nilipokaa mara ya kwanza mbele ya kompyuta ya kweli, niliitafuta herufi M kwa kidole kimoja kama mtu anayetafuta sindano gizani.

Nimeikumbuka hadithi hiyo kwa sababu siku hizi maneno kama "elimu ya kidijitali" yamefika hadi jimbo la Tanganyika. Mikutano inafanyika, wafadhili wanapita, na kila mara hesabu inayotolewa ni ya vifaa: tableti ngapi, mitambo ya jua mingapi, shule ngapi. Swali moja halisikiki sana: mtoto akiisha kukaa mbele ya kioo hicho, atajifunza kwa njia gani? Wataalamu wa saikolojia ya kujifunza wamelishughulikia swali hilo kwa zaidi ya miaka 130, na majibu yao yanatosha kututofautishia mradi utakaomsaidia mtoto na ule utakaobaki kabatini ukikusanya vumbi.

Tuanzie nyumbani. Nyunzu iko kwenye njia ya reli inayotoka Kalemie kwenda Kabalo, karibu na mto Lukuga. Vita kati ya Batwa na Baluba, vilivyoanza kuwaka jimboni tangu 2013, vilichoma vijiji na shule, vikawatawanya watu. Kuna vijana ambao wangekuwa tayari wamemaliza shule ya msingi lakini hawakukaa darasani miaka miwili mfululizo. Kisha Septemba 2019 serikali ikatangaza elimu ya msingi bila malipo. Wazazi walifurahi, na wana haki ya kufurahi, lakini madarasa yalijaa, na waalimu wengi wakabaki katika orodha ya wasiolipwa. Kwa makadirio ya Benki ya Dunia, kati ya watoto 100 wa Kongo wenye umri wa miaka 10, 97 hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mafupi na mepesi.

Mahali kama hapo, mtu akisema mashine itasaidia, hakuna anayekataa. Na kweli inaweza kusaidia. Tunajua hivyo kwa sababu jambo hilo limekwisha kujaribiwa kwa lugha yetu, ng'ambo ya pili ya ziwa.

Miezi 15 Tanga

Mwishoni mwa mwaka 2017, katika mkoa wa Tanga nchini Tanzania, karibu watoto 3,000 wa vijiji 170 hivi walipewa tableti zenye masomo ya Kiswahili na hesabu. Lilikuwa shindano la kimataifa lililoitwa Global Learning XPRIZE, lenye zawadi ya dola milioni 10 zilizotolewa na tajiri Elon Musk. UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali ya Tanzania walishiriki, Google ikatoa tableti, na vituo vya kuchaji kwa nguvu za jua vikawekwa vijijini. Timu 5 zilizofika fainali zilitakiwa kutengeneza programu itakayomfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu kusimama karibu yake.

Hali waliyoikuta haikuwa mbali na ile ya Nyunzu. Asilimia 74 ya watoto hao hawakuwahi kuingia shule. Asilimia 80 hawakuwahi kusomewa kitabu nyumbani. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Mei 2019 zawadi iligawanywa kwa timu mbili: Kitkit School, iliyotoka Korea Kusini na Marekani, na onebillion, yenye mizizi Uingereza na Kenya.

Watu wengi walipoisoma habari hiyo waliona neno "tableti" tu. Hebu tuitazame Peru, mbali kidogo, lakini inafaa. Huko serikali iligawa kompyuta ndogo zaidi ya 800,000 kwa watoto wa shule, nyingi zikienda vijijini. Mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ilitoa utafiti uliofanyika katika shule za msingi 319. Baada ya miezi 15 ya mradi, sawasawa na ile ya Tanga, watoto waliopewa kompyuta hawakuwazidi wenzao katika hesabu wala katika lugha.

Muda ni mmoja, watoto wa vijijini ni wale wale, vyote viwili ni vifaa vyenye kioo na betri. Peru walipeleka kifaa wakatumaini kwamba somo litapatikana ndani yake. Tanga walianza na somo. Walijiuliza mtoto asiyejua herufi atagusa nini kwanza, atasikia nini akikosea, na kesho atarudia nini; kifaa kikafuata baadaye.

Ukiitazama programu ya onebillion utaelewa. Sauti ya mtu inamwongoza mtoto tangu mwanzo, kwa sababu asiyejua kusoma hawezi kusoma maelekezo. Kazi ni fupi mno: gusa herufi hii, sikiliza, sasa itafute kati ya hizi tatu. Akipata anaendelea, akikosa anapewa nafasi nyingine palepale. Kila mtoto huenda kwa mwendo wake. Kabla ya Tanga, programu za kundi hilo zilikuwa zimepimwa Malawi kwa lugha ya Kichewa. Utafiti uliotolewa mwaka 2015 na Nicola Pitchford wa Chuo Kikuu cha Nottingham ulionyesha kwamba watoto walioitumia dakika 30 kwa siku, kwa majuma 8, waliendelea katika hesabu kuliko waliobaki na masomo ya kawaida. Kitkit School nayo ilitoka kwa mume na mke, Sooinn Lee na Gunho Lee, waliokuwa watengenezaji wa michezo ya kompyuta. Mtoto wao alizaliwa na matatizo yaliyofanya kujifunza kuwe kugumu, wakaanza kumtengenezea yeye. Mtu anayemtengenezea somo mtoto anayepata shida hawezi kuruka hatua.

Kichwa cha mtoto na mzigo wa kinga

Hatua hizo zina historia. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima amesahau kiasi gani baada ya saa, siku, majuma. Aliona kwamba tunasahau upesi sana mwanzoni, halafu polepole. Aliona pia kwamba marudio yaliyoachanishwa siku kadhaa yanashika kuliko marudio mengi ya siku moja. Mwanafunzi wetu anayekesha na daftari usiku mmoja kabla ya mtihani wa serikali anapingana na matokeo hayo ya 1885.

Mwaka 1953 Mmarekani B. F. Skinner alitembelea darasa la hesabu la binti yake. Aliona watoto wakifanya mazoezi bila kujua kama wamepata au wamekosa; jibu litakuja baadaye, mwalimu akiisha kusahihisha. Akaenda kutengeneza mashine ya kufundishia iliyotoa jibu palepale. Mashine yenyewe ilipitwa na wakati, na Skinner alikosolewa sana kwa kumwona binadamu kama ndege wa kufunzwa. Lakini jambo lile moja limebaki. Mtazame mtoto anayeuza karanga sokoni Nyunzu. Akirudisha chenji pungufu, mnunuzi anapiga kelele palepale. Akirudisha nyingi, mama yake anamuuliza jioni ileile. Ndiyo maana anajua kutoa na kujumlisha pesa hata kama darasani anashindwa hesabu ileile ikiandikwa ubaoni.

Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Wengine waliyasoma tena na tena. Wengine walisoma, kisha wakafunika karatasi na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya juma moja, mambo yaligeuka: waliojiuliza wenyewe walikumbuka zaidi. Jambo hili linanisumbua kila ninapoona makundi ya WhatsApp ambako "masomo ya mtandaoni" ni kurasa 60 zilizopigwa picha na kutumwa kwa wanafunzi, bila swali hata moja ndani yake. Mtu anasoma, anaona anaelewa, anafunga simu. Wanafunzi wanatumia pesa zao za mega kupakua kitu ambacho juma lijalo hakitakuwamo kichwani.

Kisha kuna suala la mzigo. Mwaustralia John Sweller aliandika mwaka 1988 kwamba sehemu ya akili tunayofikiria nayo kwa wakati mmoja ni ndogo, na ikijazwa haibaki nafasi ya kujifunza. Mtu wa Tanganyika analijua hilo kwa kinga. Baiskeli inaweza kubeba gunia la mihogo, pengine mawili au matatu, na mwenyewe anaisukuma mlima mzima. Ukiongeza dumu moja la mafuta juu, inaanguka na vyote vinamwagika, pamoja na yale magunia yaliyokuwa yamekaa vizuri. Programu nyingi za watoto zinaongeza lile dumu: muziki nyuma ya sauti, nyota zinazoruka, mnyama anayecheza pembeni huku mtoto anatafuta herufi. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ametumia miaka mingi kupima mambo kama hayo, na kwa kawaida somo lililopunguziwa mapambo yasiyohusiana nalo linafundisha vizuri zaidi. Picha pamoja na sauti inayoieleza, hiyo inasaidia. Kilichowekwa kwa ajili ya kupendeza tu ndicho kinachoiba nafasi.

Sombe au kisamvu?

Lugha nayo ni mzigo, na hapa Nyunzu ina jambo lake. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inazitambua lugha zetu za kitaifa kuwa lugha za kufundishia katika shule ya msingi, kabla Kifaransa hakijachukua nafasi. Kiswahili ni mojawapo. Kwa hiyo programu za Tanga zingeweza kuja kwetu kesho, tena bure, kwa kuwa baada ya shindano zilifunguliwa ili yeyote aweze kuzichukua na kuzibadilisha.

Lakini Kiswahili kipi? Picha ya majani ya mihogo ikitokea na sauti ikisema "kisamvu", mtoto wa Nyunzu atanyamaza, kwa sababu kwao hiyo ni sombe. Ugali kwake ni bukari. Baiskeli ni kinga. Ukimfundisha kwamba B ni ya "baiskeli" huku anachokiona ni kinga, umempa kazi mbili kwa wakati mmoja: kujifunza herufi, na kujifunza neno geni. Wengine wanaingia shule wakizungumza Kiluba au Kikalanga, na Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili kwao. Kiswahili cha Tanzania ni kizuri na watoto wetu watakifikia, hata mimi ninakiandika. Mwanzo wa herufi tu sio mahali pake.

Hilo si jambo la gharama kubwa. Ni orodha ya maneno, mtu mwenye sauti safi, chumba tulivu na simu ya kurekodia. Hata hivyo ndilo linalorukwa mara nyingi, kwa kuwa katika ripoti ya mradi halina picha ya kuonyesha.

Redio inayonyamaza

Na kama tableti hazifiki? Watu wa vijiji vilivyo mbali na barabara wana redio, na nyumba nyingi zina angalau simu ndogo ya tochi. Hapo pia saikolojia ileile inafanya kazi.

Miaka ya 1970, huko Nicaragua, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walishirikiana na wizara ya elimu kufundisha hesabu kwa redio. Jambo walilolifanya ni dogo: redio inauliza swali, halafu inanyamaza. Darasa zima linajibu kwa sauti, kisha redio inatoa jibu. Mtoto aliyepata anajua amepata, aliyekosa anasikia lililo sahihi kabla hajalizoea kosa. Ukimya huo ulipimwa kwa sekunde. Ukiwa mfupi watoto wa nyuma hawafiki, ukiwa mrefu wanaanza kusukumana. Kenya iliijaribu njia hiyo miaka ya 1980 kwa Kiingereza. Zanzibar ilikuja kuitumia kwa watoto wadogo wasio na chekechea karibu, kwa Kiswahili, katika kipindi cha "Tucheze Tujifunze", ambamo watoto wanaimba, wanaruka na kuhesabu wakifuata sauti ya redio.

Sisi pia tumewahi kusoma kwa redio. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, Radio Okapi ilirusha masomo chini ya jina la Okapi École. Kulikuwa na haraka, na kupata kitu chochote hewani ilikuwa kazi kubwa. Leo hakuna haraka ile. Redio ya jamii ikitaka kutoa kipindi cha watoto inaweza kuketi na mwalimu mmoja, ikapanga maswali na ukimya, na kuhakikisha kwamba la Jumatatu linarudi Alhamisi na tena juma linalofuata. Kinachokosekana kwa redio ni kumjua mtoto mmoja mmoja: haiwezi kujua ni nani aliyenyamaza wakati wengine wanapiga kelele.

Simu inaweza kidogo. Nchini Kenya huduma ya Shupavu 291 imekuwa ikituma masomo mafupi na maswali kwa ujumbe wa maandishi, kwa simu zisizo na intaneti, na mwanafunzi akijibu anaambiwa amepata au amekosa. Kwetu pia, pale watu wanapochaji simu kwa kulipia ndipo wanapowekewa nyimbo kwenye kadi ya memori. Kadi hiyohiyo inaweza kubeba masomo ya sauti ya muhula mzima, bila mega hata moja.

Hata bila umeme njia ipo. Sebastian Leitner alieleza mwaka 1972 kisanduku chenye vyumba vichache na kadi za karatasi. Swali upande mmoja, jibu upande wa pili. Kadi uliyoipata inasogea chumba cha mbele, na utaiona baada ya siku nyingi. Uliyoikosa inarudi chumba cha kwanza, utaiona kesho. Programu nyingi za simu zinazojigamba kuwa za kisasa zinafanya hivyohivyo. Mwalimu wa Nyunzu mwenye katoni ya sabuni, mkasi na biki anaweza kutengeneza yake mchana mmoja.

Mwalimu yuko wapi?

Nimewasikia viongozi wakisema tableti zitaziba pengo la waalimu. Tanga haisemi hivyo. Kupunguza kwa nusu idadi ya wasiojua kusoma ni jambo kubwa kwa watoto ambao hawakuwa na shule kabisa, lakini nusu nyingine ilibaki palepale, na hao ndio wanaohitaji mtu wa kukaa nao. Programu inaweza kugundua kwamba mtoto anachanganya "b" na "d". Haigundui kwamba hajala tangu jana, au kwamba analala vibaya tangu kijiji chao kilipochomwa. Mwalimu anaona. Na mwalimu asiyelipwa miezi mingi hatakuwa na moyo wa kulinda tableti za watu wengine, wala hatupaswi kumshangaa.

Kuna upande mmoja ambako mashine ina faida ndogo juu yetu. Katika madarasa yaliyochanganya watoto wa Batwa na wa Baluba baada ya vita, kukosea mbele ya wengine ni jambo zito. Mtoto mmoja akichekwa, siku ya pili hayupo. Kwenye kioo, kosa ni siri kati yake na kifaa. Anajaribu mara nne na hakuna anayehesabu. Sidai kwamba tableti itapatanisha jamii. Ninasema tu kwamba mwenye kupanga matumizi yake anaweza kumpa mtoto mwoga dakika 20 za kukosea bila aibu, kisha kumrudisha katika kikundi akiwa na neno la kusema.

Basi gari la mradi likifika Nyunzu, wazazi na waalimu wana haki ya kuuliza mambo machache kabla ya kupiga makofi. Watoto watakuwa dakika ngapi kwa siku na kifaa hiki? Mtoto akikosea, nini kinatokea? Alichojifunza leo kitarudi lini? Nani atarekebisha mtambo wa jua mvua ya kwanza ikiuharibu? Na sauti iliyomo ndani ni ya nani? Hilo la mwisho linaweza kujibiwa hata kabla gari halijaondoka Kalemie: mtu aende sokoni Nyunzu na karatasi yenye picha 50, awaonyeshe watoto wanaouza pale, na aandike kila jina wanalotoa.